Zilipendwa katika Hanang na Mbulu

Zilipendwa ni jina la jumla la nyimbo za zamani ambazo watu huendelea kuzisikiliza, kuzitunza na kupeana baada ya zama zake kupita. Kwa kupanuka kwa maana, jina hilo hutumika pia kwa filamu, michezo ya redio, vibonzo, mavazi na mambo mengine ya burudani ya enzi hizo. Makala hii inahusu namna mapenzi hayo yalivyojengeka katika wilaya za Hanang na Mbulu, mkoani Manyara, katika kata kama Gendabi iliyo katika maeneo ya Mlima Hanang, ambako muziki wa dansi uliingia kwa njia ya redio na si kwa njia ya ukumbi, na kwa sababu hiyo ukakumbukwa kwa namna yake.

Kisarufi neno lenyewe ni sentensi iliyogeuka kuwa nomino. Kiambishi zi- kinasimama mahali pa nyimbo, -li- ni cha wakati uliopita, na -w- ni cha kutendwa, hivyo tafsiri yake ya neno kwa neno ni kwamba nyimbo hizo zilipata kupendwa. Nchini Kenya husemwa zaidi zilizopendwa, umbo lenye kirejeshi ambalo mwalimu wa sarufi angeliona limekamilika, lakini Watanzania wamebaki na lile fupi na kulifanyia kazi nyingi, kiasi kwamba mtu, gari au mtindo wa nywele uliopitwa na wakati huitwa zilipendwa kwa utani. Wasanii wa lebo ya WCB Wasafi walilitumia neno hilo kuwa jina la wimbo wao wa mwaka 2017. Kuna kinyume fulani ndani ya neno hili, kwa kuwa linaweka mapenzi katika wakati uliopita ilhali anayelitamka bado anapenda.

Kiini cha zilipendwa ni muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi za magitaa, saksafoni, tarumbeta na tumba uliokua mijini tangu miaka ya 1930, ulipoanza kwa kuiga rumba ya Kuba kutoka kwenye santuri, na ukakomaa baada ya Uhuru. Salum Abdallah na Cuban Marimba waliupa Morogoro jina kabla ya kifo cha kiongozi huyo mwaka 1965. Mji huo huo ulimtoa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979. Dar es Salaam ilikuwa na NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo ilibadili jina kila chama hicho kilipobadili jina, ikawa Juwata, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ilizaliwa Mlimani Park, nayo Orchestra Maquis na Remmy Ongala walitoka upande wa Kongo wakaupa mji huo ladha nyingine. Kaskazini hakukuwa na ushindani wa aina hiyo. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga kutoka Tanga walipiga muziki Arusha kwa jina la Arusha Jazz mwaka 1970, lakini mwaka uliofuata walivuka mpaka kwenda Kenya, ambako walijulikana kwa jina la Simba Wanyika.

Kila bendi ilikuwa na mtindo, neno ambalo katika muziki wa dansi halimaanishi staili ya uchezaji peke yake, bali ni bendera ya bendi nzima, yaani jina ambalo mashabiki hulitaja kuonyesha upande wao. Mlimani Park ilikuwa Sikinde, Juwata ilikuwa Msondo, Vijana Jazz ilikuwa na Pambamoto, na Western Jazz ilikuwa na Saboso. Sikinde na Msondo ni majina ya ngoma za pwani, na mkazi wa Dar es Salaam aliyezaliwa Uzaramo aliposikia jina alikumbuka ngoma yenyewe. Msikilizaji wa Hanang hakuwa na ngoma ya kukumbuka. Kwake Msondo na Sikinde yalikuwa majina yaliyokuja yakiwa yameshavuliwa asili, na ushabiki wake, ambao ungeweza kuwa mkali kama wa mtu wa Kariakoo, ulijengwa juu ya sauti tupu: sauti ya waimbaji Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka, na mapigo ya gitaa la solo.

Sauti hiyo ilibebwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, maarufu kwa kifupi RTD. Utangazaji mjini Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, jina la RTD likaja mwaka 1965, na hadi mwaka 1994, redio na televisheni za watu binafsi zilipoanza Tanzania Bara, kituo hicho cha serikali hakikuwa na mshindani wa ndani. Kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, RTD ndiyo iliyokuwa studio kuu ya bendi. Wanamuziki walikwenda Barabara ya Pugu, mashairi yao yakasomwa kwanza na wakaguzi, kisha wimbo ukapigwa mara moja kwa pamoja na kuhifadhiwa kwenye mkanda wa rili. Malipo yalikuwa madogo, lakini bendi isiyosikika redioni haikuwa na jina mikoani. Wimbo wa Remmy Ongala kuhusu kondomu, Mambo kwa Soksi, ulinyimwa nafasi hewani, na kukataliwa huko ni sehemu ya umaarufu wake hadi leo.

Ili kuelewa uzito wa redio hiyo katika Hanang na Mbulu ni lazima kutazama lugha za eneo hilo. Wairaqw husema lugha ya Kikushi na Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao, husema lugha ya Kiniloti. Kuna Wanyaturu na Wanyiramba wasemao lugha za Kibantu, na upande wa Ziwa Eyasi wako Wahadzabe ambao lugha yao ina sauti za kidoko. Ni sehemu chache barani Afrika zilizo na mchanganyiko wa namna hiyo katika eneo dogo kiasi hicho. RTD haikutangaza kwa lugha yoyote kati ya hizo, kwa sababu sera ya taifa ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo kijana wa Kidatoga au wa Kiiraqw aliyeupenda wimbo wa dansi katika miaka ya 1970 aliupenda kwa lugha ya pili, na mara nyingi alijifunza maneno ya mapenzi, ya fitina na ya maisha ya mjini kutoka humo kabla hajapata mtu wa kumwambia. Pengine hii ndiyo sababu maneno ya nyimbo hizo hukumbukwa vijijini kwa usahihi ambao mtu wa mjini, aliyeshughulika na kucheza, hakuuhitaji. Nyimbo za kwao, kama slufay, ambayo ni sala ndefu ya kishairi ya Wairaqw inayoongozwa na mzee na kuitikiwa na waliohudhuria, hazikuitwa zilipendwa hata siku moja, kwa kuwa hazikuwahi kuingia katika hesabu ya mambo yanayopitwa na wakati.

Redio yenyewe ilikuwa mali ya kuonyeshwa. Aina za National na Philips zilikuwa ndizo zinazojulikana zaidi, zikishonewa mfuko wa ngozi au kitambaa chenye matundu mbele ya spika, na gharama kubwa haikuwa kununua redio bali kuilisha betri. Betri zilizochoka zilianikwa juani juu ya bati au jiwe ili zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari na nyimbo mbili tatu zaidi, na mwenye redio aliyejali matumizi aliizima mara kipindi alichokitaka kilipokwisha, hata kama wageni walikuwa bado wamekaa. Kusikiliza kulikuwa kwa pamoja. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na mazoea ya kukaa wengi mbele ya chombo kimoja yalikuwapo kabla yake na yakaendelea baada yake.

Si wote waliosikiliza kwa moyo mmoja. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lilifungua kwa msaada wa Kanada mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, ambayo yaliwaleta wafanyakazi wa mishahara kutoka mikoa mingine, watu wenye redio na wenye bendi wanazozishabikia, lakini pia yalichukua malisho ya Wabarabaig, ambao baadhi yao walikwenda mahakamani. Nyimbo za kusifu kilimo na kujitegemea, ambazo leo huchezwa katika vipindi vya kumbukumbu kana kwamba nchi nzima ilizipokea kwa namna moja, zilisikika Hanang kwenye masikio yaliyokuwa na shauri lao.

Njia ya msikilizaji wa kijijini kushiriki mapenzi yake na wengine ilikuwa kadi ya salamu. Kadi hiyo, iliyouzwa madukani, ilikuwa na nafasi ya kuandika jina la mtumaji na anwani yake ya posta, majina ya wanaosalimiwa, wimbo unaoombwa na ujumbe wa mwisho, ambao kwa kawaida ulikuwa methali au mafumbo. Kutoka mji wa Katesh wilayani Hanang kadi ilisafiri kwa basi la barua hadi Dar es Salaam, ikasubiri zamu yake katika rundo, na huenda ikasomwa wakati mtumaji ameshasahau aliandika nini. Waliojulikana kwa kutuma mara kwa mara waliitwa wanasalamu. Walijipa majina ya kujisifu, walifahamiana kwa majina hayo bila kuonana, na wengine waliunda vyama vya kutembeleana. Mtu aliyetajwa pamoja na kijiji chake alikuwa amekitangaza kijiji, jambo ambalo majirani hawakulichukulia kwa wepesi.

Muziki wa kanisa ulikwenda sambamba na dansi, na katika nyumba nyingi ulikuwa mbele yake. Walutheri walikuwa na Sauti ya Injili, vipindi vilivyotayarishwa Moshi na kurushwa kutoka Addis Ababa kati ya mwaka 1963 na 1977, na kaseti za kwaya zilienea kaskazini kote, ikiwemo kazi ya Tumaini Shangilieni ya Arusha. Waandishi wa historia ya muziki wa Tanzania huiacha kwaya pembeni mno, pengine kwa kuwa haina visa vya ukumbini.

Kumbukumbu nyingine za redio ni za maneno matupu. Deborah Mwenda alisimulia hadithi katika Mama na Mwana, na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi vilieneza majina ambayo bado hutumika kumwita mjanja aliyekutana na mjanja mwenzake. Kwa upande wa filamu, Hatari! ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuchezwa na John Wayne, ilipigwa katika ukanda huo wa kaskazini, na shirika la filamu la taifa, TFC, lilianzishwa mwaka 1968, lakini kumbi za sinema zilikuwa za mijini. Vijijini filamu ilikuja kuzoeleka baadaye, kwa vibanda vya video vilivyoendeshwa kwa jenereta. Humo ziliangaliwa filamu za mapigano na za Kihindi, mara nyingi zikiwa zimetiwa sauti ya mfasiri kama Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye hakutafsiri tu bali aliongeza utani, alibadili majina na kuwatahadharisha watazamaji kwamba stelingi, yaani shujaa, hafi. Michoro ya Tingatinga na magazeti ya vibonzo kama Sani yalifika kwa uchache, zaidi kwa njia ya abiria wa mabasi, na hayana nafasi sawa katika kumbukumbu za eneo hili.

Uhifadhi wa zilipendwa una sura mbili. Ya kwanza ni ya taasisi: rili za RTD zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, na baadhi ya nyimbo zimetolewa nje ya nchi, zikiwemo zile za albamu ya Sikinde ya Mlimani Park iliyochapishwa na lebo ya Africassette ya Marekani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilianzisha chombo cha kusimamia haki za wasanii, COSOTA, ingawa waliokwenda Barabara ya Pugu wengi walikuwa wameshazeeka au kufariki. Sura ya pili ni ya nyumbani, ya kaseti zilizowekwa ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti na picha za studio, zikirudishwa mkanda kwa kalamu ili kuokoa betri. Hifadhi hii haina nakala ya pili. Maporomoko ya tope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, yakaikumba Katesh na vijiji vya jirani ikiwemo Gendabi na kuua watu zaidi ya 80, yalisomba nyumba pamoja na vyote vilivyokuwamo, na katika msiba wa ukubwa huo hakuna aliyeketi kuhesabu kaseti.

Leo nyimbo hizo hupatikana kwa kurushiwa kutoka simu hadi simu, au kwa kuingiziwa kwenye memori kadi na flashi katika vibanda na siku za mnada, ambako wafugaji na wafanyabiashara hukutana na spika hushindana. Nyingi ya nakala zinazozunguka hazikutoka kwenye rili wala santuri, bali kwenye kaseti ambazo mtu aliziweka mbele ya redio na kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Zinatambulika kirahisi: mwanzo wa wimbo umekatwa, katikati mawimbi ya masafa mafupi yanapanda na kushuka, na kabla gitaa halijamaliza kibwagizo cha mwisho mtangazaji anaingia kutaja saa. Wapo wasikilizaji waliouzoea wimbo kwa namna hiyo ambao, wakipewa nakala safi kutoka kwenye santuri, husema kuna kitu kimepungua.