Mwanamke wa Shamba katika Sinema ya Kihindi na katika Milima ya Mbinga

Mwaka 1940 Mehboob Khan, mtengenezaji wa picha za sinema wa Bombay, alitoa picha iitwayo Aurat, maana yake Mwanamke. Mwaka 1957 aliitengeneza upya hadithi hiyo, akaipa jina la Mother India. Kati ya picha hizo mbili India ilipata uhuru, na mwanamke akageuzwa mama, tena mama wa taifa. Badiliko hilo la jina si dogo.

Radha, aliyechezwa na Nargis, aolewa kwa mkopo: mama mkwe wake amekopa kwa Sukhilala ili kulipia arusi, na riba yake ni robo tatu ya mavuno. Mume apondwa mikono na jiwe. Kwa kuona haya kulishwa na mkewe, atoroka. Radha ajifunga jembe la kukokota, alima mwenyewe. Mwishowe ampiga risasi mwanawe Birju, aliyemteka msichana wa kijiji. Wengi wameuita ushujaa. Yafaa kuuliza, hata hivyo, heshima anayoilinda iliwekwa na nani.

Picha za Kihindi zilipendwa sana Unguja na miji ya pwani, na wanawake walizipenda pia. Lakini mwenzi wa Radha hasa, yule mwenye jembe, hupatikana bara, kama vile milimani Mbinga. Katika kilimo cha ngolo cha Wamatengo, mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba. Mwanamke huchimba udongo katikati ya kila mraba, huyafunika majani, kisha hupanda maharagwe, na baadaye mahindi. Mashimo hayo huzuia maji ya mvua yasiporomoshe udongo mtelemkoni. Kazi nzito hiyo ni ya mke, ilhali ardhi hurithiwa upande wa baba. Kahawa ilipoingia katika miaka ya 1920, na chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilipoundwa mwaka 1936, fedha ya zao jipya iliangukia zaidi mikononi mwa mume. Hata chini, pwani ya Ziwa Nyasa, mume huvua na mke hulima muhogo.

Adui wa Radha ni mkopeshaji, mtu wa nje. Nyumba yenyewe yasamehewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yabatilisha mila imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki ardhi, nayo hivyo yaingia ndani ya nyumba, mahali ambapo picha ya karibu saa tatu haikuthubutu kuingia.