Rosemary Karuga: Mchoraji Aliyeanza Upya Akikaribia Miaka 60

Mnamo 1566 Giorgio Vasari, mwandishi wa wasifu wa wasanii wa Italia, alimtembelea Tiziano Vecellio mjini Venice. Alimkuta mzee, brashi mkononi. Vasari alimheshimu sana, ila aliandika kwamba ingekuwa heri miaka hiyo ya mwisho achore kwa kujifurahisha tu, asije akaipunguza sifa aliyoichuma zamani. Tiziano hakumsikiza. Mwanafunzi wake, Palma Kijana, alisimulia kwamba mzee alizimalizia picha kwa vidole kuliko kwa brashi. Tauni ilipokuwa ikiuangamiza mji mwaka 1576, alifariki akiacha picha ya Pietà, ambayo Palma ndiye aliyeikamilisha. Leo wataalamu wengi huzihesabu kazi hizo za uzeeni kuwa kilele chake.

Nimeanza mbali kwa sababu ushauri wa Vasari bado tunao. Mtu akistaafu twamwambia apumzike, alee wajukuu. Rosemary Namuki Karuga angeufuata, Kenya ingekosa mmoja wa wasanii wake wakuu.

Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928. Kati ya 1950 na 1952 alisomea sanaa Makerere, mwanamke wa kwanza katika shule aliyoianzisha Margaret Trowell. Kisha akarudi Kenya, akaolewa, akawa mwalimu. Wanaoandika juu yake huiruka miaka hiyo thelathini na ushei kama ukurasa mtupu. Haikuwa mitupu, jamani! Ndiyo maisha ya wanawake wengi wa kizazi chake waliosoma: kazi ya mshahara mchana, ya nyumbani jioni, na sanaa ikingoja.

Mnamo 1987, binti yake akimhimiza, aliirudia sanaa kikamilifu. Alipata nafasi Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Elimo Njau jijini Nairobi. Rangi ni ghali. Karatasi za sabuni na mifuko ya unga hupatikana bure. Akazikata vipande vidogo, akavibandika hadi vikawa wanyama na akina mama wa mashambani. Ukisimama mbali waona ngozi ya mnyama. Ukisogea waona ni karatasi ya dukani. Hapa Ukambani jambo hilo halitushangazi: mama hufumua sweta kuukuu apate nyuzi za kusukia kiondo.

Je, huyu ni mchoraji? Wapo wanaosema hapana, maana hakushika brashi. Lakini neno lenyewe ni pana kuliko wanavyodhani. Kuchora, katika Kiswahili cha zamani, ni pamoja na kukata nakshi kwenye mbao. Aliyekata karatasi hajatoka nje ya neno hilo. Wala aliyepaka kwa vidole.

Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Jumba la Studio Museum, Harlem, New York, yeye akiwa mwanamke pekee kati ya wasanii wa Afrika waliochaguliwa. Baadaye alihamia Ireland kwa binti yake, akafariki huko Februari 2021, akiwa na miaka 92.

Siku hizi watoto wetu hubandika vipande vya karatasi katika somo la sanaa, na kazi hiyo huitwa kolaji. Hapa Mbumbuni nimewauliza walimu watatu kama wanamjua Karuga. Mmoja alimjua.