Sakafu, Chokaa na Saruji

Neno "sakafu" tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni paa. Msomaji atauliza: vipi paa likageuka kuwa mahali pa kukanyaga? Jawabu limo katika nyumba za mawe za mwambao wetu. Katika nyumba ya ghorofa, paa la chumba cha chini ndiyo sakafu ya chumba cha juu. Wazee waliita kitu kimoja kwa jina moja, na katika jina hilo wakapata kitenzi: kusakifu.

Kusakifu ilikuwa kazi ya watu wengi. Boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa boriti haivuki sana mita 3, vyumba vya kale vikawa vyembamba na virefu. Juu ya boriti yalilazwa mawe, kisha ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na vijiwe. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo. Hapo ndipo walipoingia watwangaji. Walishika vigongo vya mbao viitwavyo vipande, wakaipiga sakafu siku baada ya siku hadi ikakazana, kwa nyimbo na kwa mdundo mmoja.

Sisi wapenzi wa mashairi huzitamani nyimbo hizo. Lakini katika Unguja ya karne ya 19, wengi waliobeba kazi nzito za ujenzi walikuwa watumwa. Mwenye kigongo alirudi kulala penye kuta za udongo na chini udongo. Si haki kuukumbuka wimbo na kumsahau aliyeuimba.

Sakafu ngumu ilimfikia mtu wa kawaida kwa njia ya saruji. Neno hili nalo ni la Kiajemi, nalo ni kongwe kuliko unga wa kijivu tuujuao: huko Uajemi na Oman liliitwa hivyo lile dongo la kuchoma lililojengea mifereji na mahodhi ya maji. Unga wa leo ulipewa hataza Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin, fundi wa Leeds. Kwetu, kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuuzalisha mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Bamburi ilichimba matumbawe ya kale, jamaa ya yale yale ya chokaa yetu. Tofauti ni moto. Chokaa hutosheka na nyuzi 900 hivi, ilhali saruji hutaka 1,450. Tangu hapo, mwenye kipato kidogo aliweza kununua mfuko mmoja mmoja, hadi akapata sakafu isiyoliwa na mchwa wala kufuga funza. Hiyo si neema ndogo, na anayeilaani saruji aikumbuke.

Mimi nilijifunza tofauti ya viwili hivi kwa hasara. Mwaka 2003 nilimwaga jamvi la zege uani, katika nyumba ya marehemu bibi yangu, Mji Mkongwe. Tulichanganya ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Vijana sita wakapokezana makarai, na kabla ya magharibi kazi ikaisha. Fundi, mtu mzima, aliniambia: "Mwanangu, kumwaga si kazi. Kazi ni kulinywesha maji siku saba." Nikalinywesha, na jamvi likashika bila ufa.

Kwa furaha ile nikaingia ndani. Nikamwaga zege juu ya sakafu ya chokaa ya ukumbini, nikapiga lipu ya saruji chini ya kuta. Masika mawili hayakupita, kuta zikaanza kutoka jasho na chumvi, chokaa ikapukutika kama unga. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na chokaa huyaachia yatoke taratibu. Saruji ilikuwa imeyafungia njia, nayo yakapanda ukutani. Kuvunja kulinigharimu zaidi ya kumwaga.

La uani nimeliacha, kwani pale ndipo pake. Ukumbini tulirudisha chokaa. Nilikusanya jamaa na majirani, tukachonga vipande, tukaanza kutwanga. Mapigo yakapishana, kila mtu na lake. Shangazi yangu akasema, "Hapa panataka wimbo." Tukatazamana. Hakuwako hata mmoja aliyeujua. Mwisho kijana mmoja akaanzisha wimbo wa redioni, nasi tukaufuata, na vigongo vikaanza kuanguka pamoja. Sakafu ile ingaliko, nami nikiikanyaga huwakumbuka walioujua wimbo wake bila ya kuwahi kuwa na sakafu yao.