Namna Watumishi Wapya wa Afya Walivyofunzwa Kwetu Kakamega

Katika taarifa ya mwaka huu twaona yafaa kuwakumbusha wanachama na wazee wetu namna watumishi wa afya walivyofunzwa kazi katika nchi yetu, maana wasiojua walikotoka huwapokea vibaya waliokuja kuwasaidia.

Wamishenari wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na daktari wao, Elisha Blackburn, akafuata mwaka 1903. Kaimosi, ambayo leo imo katika Kaunti ya Vihiga, ilikuwa zamani hizo chini ya wilaya moja nasi. Katika hospitali za misheni za siku zile, madresa walijifunza kwa kutazama: kuosha kidonda, kufunga bendeji, kupima dawa. Mwaka 1927 shule ya watumishi wa tiba ilianzishwa Nairobi, nayo ndiyo iliyokua ikawa KMTC ya leo.

Mafunzo hayo yalileta faida kubwa, lakini yalimweka mtumishi hospitalini akingoja mgonjwa aletwe. Mtoto anayeharisha, aliye mbali na barabara, hana nafasi ya kungoja.

Katika miaka ya 1970 Daktari Miriam Were, binti wa Kakamega aliyezaliwa mwaka 1940, alifuata njia nyingine. Alianza kwa kuketi na wanakijiji na kuwauliza shida zao. Majirani waliotoka miongoni mwao wakafunzwa habari za vyoo, maji safi, chanjo na lishe. Mwaka 1978 mataifa yaliyokutana Alma-Ata yakatangaza kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuitunza afya yao. Serikali ya Kenya ilitoa mkakati wa afya ya jamii mwaka 2006, na mwaka 2008 Daktari Were akatunukiwa nchini Japani tuzo ya Hideyo Noguchi.

Hata hivyo wahudumu wengi wa vijijini walitumika miaka mingi bila malipo. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilizindua wahudumu wapatao 100,000, ikawagawia mikoba ya vifaa, na kukaahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka Serikali Kuu na nusu kaunti.

Wazee wetu, mkoba haufungui mlango. Mhudumu mpya asiyejulikana akisema “Mulembe” uani, huitikiwa kwa mdomo tu, na mgonjwa hufichwa chumbani. Basi yatupasa tumjulishe kwa watu barazani, tumfundishe mipaka ya kijiji na desturi za nyumba, na tumwonye kwamba siri ya mgonjwa haitoki nje. Nasi tusimchague kwa kuwa ni jamaa yetu, bali kwa kuwa watu humwamini.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuja ni kazi yake. Kumpokea ni kazi yetu.