Saa ya Mwili Ilivyoingia Uwanjani

Joto la mwili wa binadamu hushuka kabisa kabla ya alfajiri na kufika kileleni jioni, na nguvu za misuli huenda nalo. Mwendo huo hauhitaji jua. Mwaka 1938 mtafiti Nathaniel Kleitman na mwanafunzi wake Bruce Richardson waliishi siku 32 ndani ya pango la Mammoth, Kentucky, wakijaribu kufuata siku ya saa 28. Kijana Richardson alizoea. Kleitman hakuzoea: joto lake liliendelea kupanda na kushuka kila baada ya saa 24.

Enzi hizo timu zilisafiri kwa meli na treni, hivyo mwili ulizoea njiani. Ndege za jeti, zilizoanza kubeba abiria mwaka 1952, ziliondoa nafuu hiyo. Saa yenyewe ilipatikana mwaka 1972: kundi dogo la seli ubongoni, juu ya makutano ya neva za macho. Mwanga ndio unaoirekebisha zaidi, nayo husogea kwa takriban saa moja tu kwa siku.

Ushahidi wa uwanjani ulitoka kwenye besiboli ya Marekani, na haikuwa bahati. Kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, katika nchi ambayo pwani zake mbili zimepishana kwa saa tatu. Mwaka 1995 watafiti waliopitia misimu mitatu walionyesha kuwa wenyeji walinufaika zaidi pale wageni walipotoka kusafiri kuelekea mashariki. Sababu inaeleweka: saa ya mwili huzidi kidogo saa 24, kwa hiyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi, na anayekwenda mashariki hulazimika kuwahi. Uchunguzi wa mwaka 2017, uliopitia zaidi ya mechi 40,000, ulikwenda mbali zaidi. Hata timu zilizokuwa zimerejea kwao kutoka magharibi zilidorora. Hoja ya ugeni wa uwanja ikapoteza nguvu hapo.

Kuhusu majeraha, tahadhari inahitajika, kwa sababu madai yametangulia ushahidi mara nyingi. Wachezaji wa raga ya Super Rugby waliofuatiliwa mwaka 2010 waliugua mara mbili hadi tatu zaidi walipocheza ugenini penye tofauti ya zaidi ya saa tano, lakini hayo yalikuwa maradhi, si kuumia. Utafiti wa raga ya wachezaji saba kila upande, uliotoka mwaka 2015, haukuona kwamba safari ndefu za ndege huongeza majeraha. Kinachotia shaka zaidi ni usingizi unaopotea: miongoni mwa wanamichezo vijana wa Los Angeles, waliolala chini ya saa nane walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 ya wenzao, kwa matokeo ya mwaka 2014.

Maarifa haya sasa huingia kwenye mipango. Mkenya Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, tarehe 12 Oktoba 2019, mbio ziliandaliwa Vienna. Miongoni mwa sababu za kuuchagua mji huo ni kwamba saa zake zilipishana na za Kenya kwa saa moja tu.