Twiga wa Sorbonne

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikariri operoni ya laktosi neno kwa neno, nikaimwaga kwenye mtihani, na kabla matatu haijafika Githurai nilikuwa nishaisahau. Hakuna mtu aliyenitajia twiga.

Twiga huyo alikuwa amekaushwa, amesimama nje ya maabara ya Jacques Monod pale Sorbonne, Paris. Wajerumani walikuwa wameuteka mji tangu Juni 1940. Monod alikuwa akiandika tasnifu yake kuhusu ukuaji wa bakteria, na wakati huohuo alikuwa kwenye harakati za siri za kuwapinga Wanazi. Karatasi ambazo zingeweza kumuua alizificha ndani ya mifupa ya miguu ya twiga.

Na bakteria? Aliwapa sukari mbili kwa pamoja, tuseme glukosi na laktosi, ile ya maziwa. Ungedhani watakula zote ovyo. Wapi! Walimaliza glukosi kwanza, wakizaana kwa kasi, halafu kimya. Mstari kwenye grafu ukalala. Baada ya muda ukapanda tena, sasa kwa laktosi. Tasnifu ilikamilika 1941, na mkuu mmoja wa pale akasema wazi kwamba kazi hiyo haina faida kwa Sorbonne.

Kile kimya kilimshika Monod miaka ishirini. Kiumbe hana macho wala ubongo; amejuaje kuwa chakula kimebadilika?

Kwa muda mrefu aliamini sukari ndiyo inayoifundisha seli kuunda kimeng'enya chake. Alikosea, na hapo ndipo ninapompenda. Pamoja na François Jacob, aliyetaka kuwa daktari wa upasuaji hadi bomu la Normandy lilipomjeruhi 1944, na Arthur Pardee kutoka Marekani, alikuta mambo ni kinyume. Jeni ziko tayari siku zote, ila zimezuiwa. Kuna protini imeikalia DNA kama soja kwenye geti. Laktosi ikiingia, kiasi kidogo chake hugeuzwa kidogo, kikamshika soja, umbo lake likabadilika, akaachilia DNA. Jeni zinasomwa. Laktosi ikiisha, soja anarudi kazini. Glukosi nayo ina ishara yake: ikipungua, protini nyingine hushika DNA na kuchochea usomaji. Kile kimya, basi, ni muda wa kuunda vimeng'enya vipya.

Jacob na Monod walichapisha nadharia hiyo 1961, wakidhani soja mwenyewe ni RNA. Mwaka wa 1965 walipewa Nobel pamoja na André Lwoff. Soja alikamatwa 1966, na Walter Gilbert na Benno Müller-Hill kule Harvard. Kumbe ni protini.

Juzi nililitafuta daftari langu la chuo. Nimechora geti, soja, mishale ya rangi tatu. Ule mstari uliolala haupo popote.