Wi-Fi inakatika kila mara kwenye kompyuta? Anza na namba hii

Alama ya Wi-Fi imejaa na simu iliyo juu ya meza hiyo hiyo inafungua kila kitu, lakini kompyuta inakatika kila baada ya muda mfupi. Wengi huanza kumlaumu mtoa huduma. Wengine hununua bando jingine, na wapo wanaoishia kwa fundi kupigiwa Windows upya na kulipia kazi ambayo haikuhitajika.

Kama simu iko sawa na kompyuta haiko sawa, kosa mara nyingi liko ndani ya kompyuta yenyewe. Sehemu ya kwanza ya kuangalia ni setingi za itifaki ya mtandao, yaani TCP/IP.

TCP/IP inahusika vipi?

Itifaki ni kanuni ambazo vifaa hufuata ili vielewane. TCP/IP ilianza kutumika rasmi kwenye ARPANET, mtandao wa Marekani uliozaa intaneti, tarehe 1 Januari 1983, na hadi leo intaneti nzima inaitegemea. Kwa kanuni hizo, kila kifaa lazima kiwe na anwani yake ya IP. Mawimbi ya Wi-Fi ni barabara tu, anwani ndiyo namba ya nyumba. Barabara inaweza kuwa nzuri na mzigo usifike kwa sababu namba imekosewa.

Nyumbani, anwani hiyo hutolewa na ruta kupitia huduma iitwayo DHCP. Kompyuta haipewi iwe yake kabisa, hukodishiwa kwa muda maalumu. Nusu ya muda ikifika, kompyuta huomba kuongezewa. Ombi lisipojibiwa hadi muda uishe, anwani hupotea na mtandao hukatika, hata kama mawimbi yamejaa.

Soma anwani kwanza

Fanya hivi wakati mtandao umekatika, sio ukiwa mzuri. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika ipconfig. Chini ya sehemu ya Wi-Fi tafuta mstari wenye maneno "IPv4 Address".

• Namba ikianza na 169.254, ruta haikutoa anwani. Windows imejipa yenyewe, na anwani hiyo haiwezi kufika kwenye intaneti.

• Ikianza na 192.168 au 10, kompyuta ina anwani ya kawaida. Andika ping 8.8.8.8. Ukiona "Reply from 8.8.8.8" lakini tovuti hazifunguki, shida huenda ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

• Ukiona "Media disconnected", kompyuta haijashika Wi-Fi kabisa. Hapo tatizo ni mawimbi, adapta au draiva, sio anwani.

Ondoa anwani iliyoandikwa kwa mkono

Kompyuta iliyowekewa anwani ya kudumu ofisini inaweza kubaki na namba hiyo hata ikifika nyumbani. Ikiwa haiendani na ruta ya nyumbani, intaneti haipatikani. Ikigongana na anwani ya kifaa kingine, mtandao utakuwa wa kuja na kuondoka.

Bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Wi-Fi na uchague "Properties". Bonyeza mara mbili "Internet Protocol Version 4". Weka alama kwenye "Obtain an IP address automatically" na "Obtain DNS server address automatically", kisha OK.

Kama kompyuta ni ya kazini, piga picha namba zilizokuwepo kabla ya kugusa chochote, na muulize anayesimamia mtandao.

Amri za kusafisha

Tafuta cmd kwenye menyu ya Windows, bonyeza kulia na uchague "Run as administrator". Andika moja baada ya nyingine:

ipconfig /release
ipconfig /renew
ipconfig /flushdns

Ya kwanza huirudisha anwani kwa ruta, ya pili huomba upya, ya tatu hufuta kumbukumbu za zamani za DNS. Ikiwa bado inazingua, ongeza hizi mbili:

netsh winsock reset
netsh int ip reset

Kisha zima kompyuta na uiwashe tena. Amri ya mwisho hufuta pia anwani zilizowekwa kwa mkono, ndiyo maana picha ile ni muhimu.

Ikigoma bado

Zima ruta, subiri kidogo, iwashe. Kwenye "Device Manager" fungua adapta ya Wi-Fi. Kama kuna sehemu ya "Power Management", ondoa alama inayoruhusu Windows kuizima adapta ili kuokoa umeme. Hatua ya mwisho ni "Network reset" ndani ya setingi za mtandao. Hii husahau Wi-Fi zote zilizohifadhiwa, kwa hiyo hakikisha nywila iko karibu.

Na kama simu nayo inakatika kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, iache kompyuta: ruta au mtoa huduma ndiye wa kuulizwa. Ikibidi kwenda kwa fundi, mpe namba iliyoonekana mtandao ulipokatika. Akisikia 169.254, ana pa kuanzia bila kufuta mafaili ya mtu.